Koti Nyuma ya Mlango

Mvua ikinyesha Katesh, watu wote wanafanya kitu kimoja: wanageuza shingo kuutazama mlima. Muuza duka, dereva wa bodaboda, mwalimu na chaki yake mkononi, hata katekista akiwa katikati ya mahubiri. Tangu tope lishuke kutoka mlimani alfajiri moja na kuondoka na nyumba na watu, hakuna anayeiamini tena mvua ya Hanang. Mimi peke yangu siutazami mlima. Mimi natazama nyuma ya mlango wa ofisi yangu, pale kwenye msumari.

Pale lilikuwa likining'inia koti.

Lilikuwa koti la suti la kijivu, lenye vifungo viwili. Mimi ni afisa ushauri wa ajira. Kazi yangu ni kukaa na watu wasio na kazi, kuwasaidia kuandika barua na CV, kuwatafutia nafasi zilizotangazwa, na kuwafanyia usaili wa majaribio mpaka waache kutetemeka. Siku ya usaili wenyewe ikifika, mwanamume asiye na koti nilikuwa namwazima lile. "Koti la ofisi," ndivyo nilivyowaambia. Limevaliwa na vijana wa Nangwa, wa Dirma na wa hapa hapa mjini, na wengi wao walipata kazi. Wakawa wanasema lina bahati. Walikuwapo waliokuja hawataki hata ushauri wangu, wanataka koti tu.

Sikuwahi kumwambia mtu kwamba ni koti la harusi la mume wangu.

Joakimu alilivaa siku moja tu. Usiku ule wa tope alilala mjini kwenye banda lake la kutengeneza pikipiki, na mimi nilikuwa nimekwenda kwetu Nambis, Mbulu, kumwuguza mama. Walichimba, wakachimba tena. Pikipiki ya mteja ilipatikana. Spana zake zilipatikana. Yeye hakupatikana. Koti lilisalia kwa sababu lilikuwa Dirma, kwenye sanduku la mama mkwe, nami nikaliomba.

Mtaniuliza kwa nini basi nililiazima kwa watu. Nitawaambia ukweli, mkitaka kunicheka mnicheke. Kila kijana niliyemvika koti lile akashuka ngazi kuelekea stendi, nilisimama dirishani nikautazama mgongo wake. Kwa nyuma alikuwa Joakimu. Mume wangu alikuwa anatembea Katesh, mzima, anakwenda kazini. Nilitamani kumwita, na niliogopa kumwita, kwa sababu mgongo ule ungegeuka na uso ungekuwa wa mtu mwingine. Au usingekuwa wa mtu mwingine, na hilo ndilo lililokuwa likinitoa jasho. Jioni koti likirudi nililinusa kwenye kola kabla ya kulitundika. Kuna siku, naapa, lilinuka tope.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu mvua ilianza asubuhi, na simu ya mama yangu Marieta ikaanza nayo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Sasa sikiliza, Imakulata. Baba yako anauliza unarudi lini nyumbani."

"Nina kazi, mama."

"Kazi! Kwani huku Mbulu hakuna vijana wasio na kazi? Wamejaa mpaka kwenye migomba. Omba uhamisho uje uwashauri hawa wa kwenu."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Unamlinda mume gani huko, mwanangu? Mume hana hata kaburi. Mtoto huna. Au unamngoja yule mdogo wake akurithi?"

"Mama!"

"Mama nini? Ndiyo mila yao, naijua. Siku moja wazee wao watakaa chini wakugawe. Mimi sikuzaa mtoto aje kurithiwa kama ng'ombe."

"Hakuna anayenirithi. Shemeji yangu hajawahi kusema hata neno."

"Asiyesema neno ndiye mbaya," akasema mama, akakata simu.

Nilibaki nimeshika simu, na moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio. Si kwa sababu ya wazee. Ulianza kukimbia pale mama aliposema "yule mdogo wake," na nilijionea aibu mwenyewe, mbele ya koti.

Ndipo mlango ukagongwa, na aliyeingia alikuwa ni huyo huyo.

Abel ana stashahada ya mifugo na hana ajira. Anazunguka maboma ya Dirma akichanja ndama wa watu, na malipo yake mara nyingi ni maziwa. Aliingia ameloa, shati jeupe limemganda kifuani, na bahasha ya vyeti ameificha ndani ya mfuko wa nailoni ili isiloe. Vyeti vilikuwa vikavu kuliko mwenyewe.

"Habari za kazi, shemeji."

"Nzuri, shemeji. Karibu. Ila simama hapo kwanza, utanidondoshea maji kwenye mafaili."

Akasimama. Alikuwa ameitwa usaili kesho yake, Babati, kwa nafasi ya msaidizi wa mifugo katika ranchi moja iliyoko Kagera. Nafasi hiyo nilimtafutia mimi mwenyewe. Nilipoiona imetangazwa nilimpigia simu siku ile ile, kisha nikaenda nyumbani nikashindwa kula. Kutoka kwetu mpaka Kagera ni nchi nzima.

"Haya, toka nje ugonge. Tuanze kama kesho."

Utaratibu wangu ni huo. Mtu anatoka, anagonga, namwita kwa majina yake yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, ili azoee kuyasikia kinywani mwa mgeni. Akatoka, akagonga, nami nikakwama. Jina lake la pili ni jina la baba mkwe wangu. Mwanamke aliyeolewa kwenye boma la Kibarbaig hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai au amekufa. Mama mkwe alinifundisha hivyo juma la kwanza, na mimi, Mmbulu wa Nambis, niliishika mila ile kuliko waliozaliwa nayo. Ndiyo maana hata hapa silitaji. Watafuta kazi wenye jina hilo wakija ofisini nawaita kwa kidole.

"Shemeji, niko mlangoni. Huniiti?"

"Ingia tu."

"Bosi wa ranchi naye atasema ingia tu?"

"Bosi wa ranchi hajaolewa kwenu. Ingia, kaa, jieleze kwa ufupi."

Akaingia, akakaa, akaanza kujieleza huku anatazama miguu ya meza. Shule aliyosoma, chuo, chanjo anazozijua, magonjwa ya ndama. Alijieleza vizuri, lakini mimi sikuyasikia maneno. Nilisikia sauti. Ilikuwa ya Joakimu, nzito, inayoshuka mwishoni mwa sentensi utadhani mwenyewe amechoka kuibeba. Mvua ilipiga bati, na sauti ile ikaendelea kusema kuhusu ndama.

"Unatazama chini," nilimkatiza. "Wanaosaili hawapendi. Nitazame mimi."

Akainua macho. Nilijuta kumwambia. Abel akikutazama hana haraka. Alinitazama, nami nikamtazama, na wote wawili tukasahau zamu ni ya nani kusema. Mimi ndiye niliyeangusha macho kwanza, nikajifanya nasoma karatasi.

"Kwa nini unaitaka kazi hii?"

"Kwa sababu iko mbali."

"Hilo si jibu."

"Ndilo jibu lenyewe."

"Shemeji, ukijibu hivyo kesho watakutoa kabla chai haijaletwa. Sema unapenda mifugo."

"Mifugo naipenda hata nikiwa Dirma."

"Basi kwa nini unaondoka huko uliko?"

Alichukua mfuko wake wa nailoni akaanza kuukunja taratibu. Nje ngurumo ilipita upande wa mlima, na nilisikia watu wa ofisi ya pili wakinyamaza wote kwa pamoja, kama kawaida yetu.

"Baba amekubali," alisema mwishowe.

"Amekubali nini?"

"Kwamba kaka amekufa."

Muda wote ule mzee alikuwa amekataa. Mtu ambaye hajaonekana hajafa, alikuwa akisema, na kila jioni aliagiza lango la boma liachwe wazi mpaka ng'ombe wa mwisho alale. Kwa sababu yake hatukukaa matanga. Sikuwa mjane wala mke wa mtu. Nilikuwa katikati, na nilikuwa nimepazoea.

"Jumamosi tunazika," Abel akaendelea. "Mwili haupo, kwa hiyo tutazika nguo yake. Katekista atasali, baba atachinja. Mama amenituma kwako. Ameomba koti."

"Koti gani?"

"Shemeji." Alisema kwa upole sana. "Lile koti nilimchukulia kaka mimi mwenyewe kwa fundi. Unafikiri silijui? Nimeliona likipita mjini kwenye mabega ya watu. Mara ya kwanza nililikimbilia mpaka stendi. Nikalishika bega. Likageuka, kumbe ni kijana wa Nangwa, anaogopa kuliko mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Niliona unamtunza. Nikawa nakuja mjini siku za usaili tu, nikae pale ng'ambo ya barabara nilione likipita. Hata mimi nilikuwa namtaka arudi."

Sikujua niweke wapi mikono yangu. Kumbe kila niliposimama dirishani nikautazama mgongo ule, ng'ambo ya barabara kulikuwa na mtu mwingine anautazama, amenyamaza kama mimi. Nilidhani kichaa kile ni changu peke yangu.

"Na wewe Jumamosi ukishamzika kaka yako, Jumatatu unakwenda Kagera," nilisema, na hasira ikanijia bila kubisha hodi. "Vizuri. Nitaandika kwenye ripoti yangu kwamba mteja amefanikiwa."

"Usikasirike."

"Sijakasirika! Nani amekasirika?"

"Matanga yakiisha wazee watakaa," alisema. "Watasema mke wa marehemu asitoke bomani, mdogo mtu yupo. Wengine wameshaanza kusema, na baba hawakatazi. Sasa mimi nibaki pale nikisubiri kupewa?"

"Kwa hiyo unanikimbia."

"Nakimbia kupewa. Wewe sijakukimbia hata siku moja." Akainuka kwenye kiti. Huo haukuwa usaili tena. "Mtu ukipewa, hutajua maisha yako yote kama alikuja au aliletwa. Sitaki hivyo. Nataka nikuulize mwenyewe, kwa mdomo wangu, siku ambayo unaweza kusema hapana na hakuna mtu wa kukununia. Nikiwa na kazi yangu. Nikiwa na kwangu."

"Uniulize nini?"

"Unajua."

Nilijua. Nilikuwa nalijua tangu msimu wa mahindi uliopita, aliponishusha mlangoni kwangu na pikipiki ya kuazima akasubiri mpaka niwashe taa ndipo aondoke. Nilimpenda. Naliandika hivyo hivyo bila kulizungusha, maana nimechoka kulizungusha. Nilimpenda Abel, na kila usiku nilipolala na penzi hilo niliota mlango unafunguliwa na mtu mwenye tope mpaka magotini anauliza chakula chake kiko wapi.

"Ninaogopa," nilimwambia. "Nikikusikia unaongea namsikia yeye. Ukigeuka namwona yeye. Nikikutazama, Abel, sijui namtazama nani."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake. Sikutambua mpaka nilipoona uso wake umebadilika.

Nikaenda nyuma ya mlango nikalitoa koti kwenye msumari.

"Livae."

"Hapana."

"Livae, nakuomba. Ukiondoka bila kulivaa sitajua maisha yangu yote."

"Na ukimwona yeye?"

"Nikimwona yeye utakwenda Kagera, na usirudi kuniuliza."

Kisha akalipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kitu kwa mkubwa. Aligeukia ukuta akaanza kulivaa, na ndipo umeme ukakatika. Chumba kikawa cha kijivu. Nilisikia bitana likisugua shati lililoloa. Mgongo ukajaa, mabega yakakaa, na pale mbele yangu, karibu kiasi cha kumgusa, alisimama mume wangu. Maji yalimdondoka. Harufu ya tope ilijaa chumbani mpaka nikaionja mdomoni.

"Joakimu," nilinong'ona.

Mgongo haukujibu. Nje mvua ilikuwa imezima sauti zote za mjini. Nilitaka kukimbia, na nilitaka abaki hivyo hivyo milele asigeuke, tuzeeke humo ndani, mimi na mgongo wake.

"Geuka," nilisema. Sijui nilipata wapi hiyo sauti.

Akageuka.

Mikono ya koti ilikuwa mifupi. Iliishia juu sana ya viganja, na vifundo vya mikono vilikuwa nje, vyekundu kwa baridi, kimoja kikiwa na kovu la kamba ya ng'ombe. Kifungo hakikufika kwenye tundu lake. Alikuwa amesimama ameinua mikono kidogo pembeni, kama mtoto aliyevishwa sare ya mwaka juzi, na macho yake yalikuwa yamejaa hofu. Hofu ya kusikia nitasema jina gani.

Nikacheka. Nilijaribu kujizuia, ikashindikana.

"Limekupungua!"

"Mimi nilimpita tangu kidato cha pili," alisema Abel, naye akaanza kucheka kwa aibu. "Hukujua? Ndiyo maana picha zote anakaa kwenye kiti na mimi nasimamishwa nyuma. Alikuwa ananikasirikia kwa urefu huu mpaka siku ya harusi yenu. Alisema nisisimame karibu naye kanisani."

"Alikuwa na majivuno huyo!"

"Sana! Kuna siku alitia karatasi kwenye viatu."

Tulicheka mpaka nikashika meza. Tangu afe hakuna mtu aliyekuwa amenichekesha kwa habari zake, walikuwa wananitolea pole tu. Halafu kicheko kikageuka chenyewe, nikaanza kulia, kilio kile kirefu ambacho kilinipasa tangu mwanzo. Nilimlilia Joakimu kama mtu aliyekufa. Abel hakunigusa. Alivua koti, akaliweka mezani, akasimama pale mpaka nikamaliza, na machozi yake yakawa yanashuka bila yeye kuyafuta.

Nilipopata pumzi nililikung'uta koti, nikanyoosha kola, nikalikunja vizuri, nikalitia kwenye mfuko wake wa nailoni. Lilinuka sabuni na mvua.

"Mpelekee mama. Mwambie Jumamosi nitakuja na mama yangu. Atakuja analalamika, lakini atakuja."

"Nitamwambia."

"Na kesho nenda usaili. Wakikuuliza kwa nini unaitaka kazi, usithubutu kusema iko mbali."

"Nisemeje?"

"Sema unataka kusimama kwa miguu yako, kwa sababu kuna mtu una swali naye."

Akaupokea mfuko. "Na nikirudi, Ima, jibu litakuwepo?"

"Anayeuliza hapewi majibu kabla," nilisema. "Hata serikalini haturuhusu."

Akatabasamu. Alinipa mkono, nami nikaushika, na tulikawia kuachana kuliko inavyostahili shemeji na shemeji, mlango ukiwa wazi. Kisha akatoka na mfuko kwapani, na bahasha ya vyeti ameitia ndani ya shati.

Kwenye benchi nje alikuwa ameketi Hermani wa Nangwa, mteja wangu wa siku nyingi. Aliingia kabla sijamkaribisha, akaangalia nyuma ya mlango, akashtuka.

"Madam, lile koti liko wapi? Nina usaili Jumatatu."

Nilitazama ule msumari mtupu.

"Halipo tena, Hermani. Limekwenda kwa mwenyewe."

"Kumbe lilikuwa na mwenyewe?"

"Lilikuwa naye."

"Sasa mimi nitakwendaje bila koti?"

"Utakwenda na shati lako ulipige pasi. Huyo aliyetoka sasa hivi naye kesho anakwenda vivyo hivyo. Kaa hapo, nakuja."

Nikaenda dirishani kwa mazoea. Abel alikuwa ameshashuka ngazi, yuko barabarani, shati jeupe, amejiinamia ili mfuko usiloe. Niliutazama mgongo ule nikingoja moyo usimame. Haukusimama. Niliwaza tu kwamba mvua inamnyeshea, atapata mafua, na kesho atakwenda mbele ya watu akipiga chafya.

Nikanyakua mwavuli wa ofisi nikashuka ngazi mbio. Mama mboga aliacha kufunika nyanya zake. Madereva wa bodaboda waliojibanza barazani waliacha kuutazama mlima wakanitazama mimi, mjane wa watu, afisa mzima, nakimbia kwenye madimbwi nyuma ya shemeji yangu. Mpaka jioni habari zingefika Dirma, na kesho asubuhi zingekuwa Nambis. Nilijua, na bado nikakimbia.

"Abel!"

Nililiita kwa sauti yangu yote, katikati ya Katesh, na mgongo ule ukasimama. Nikasubiri nione nani atageuka.

Akageuka yeye.